Bibi Zubayda na mawe ya njia ya Makkah

Mwaka 164 Hijria, sawa na 781 Miladia, Khalifa al-Mahdi alitoka Iraq kwenda Hijja katika kipindi cha joto kali. Alikuwa na watu wake, wanyama wake na kila kitu ambacho mtawala wa dola kubwa ya zama zile angeweza kukichukua safarini. Hakufika. Alipokuwa katika kituo kiitwacho al-Aqaba, jangwani baada ya kuuacha mji wa al-Kufah, maji yalikuwa machache na homa ikampanda, akageuza njia kurudi. Mahujaji waliobakia walishikwa na kiu hadi wakakaribia kuangamia. Wanahistoria wanasema Khalifa alimkasirikia sana mtu aliyekabidhiwa kazi ya mabirika ya njia ile.

Mwaka uliofuata, mtoto wake Harun alimuoa binti ami yake. Binti huyo ndiye tutakayemzungumza leo. Wengi tunamjua kwa jina la Bibi Zubayda, mke wa Harun ar-Rashid, na watoto wetu humsikia katika hadithi za Alfu Lela Ulela akiwa amekaa tu kasrini na vito vyake. Tumeona ni vyema tukamtoa huko tukamrudisha jangwani, kwa sababu jina lake limebaki jangwani zaidi kuliko lilivyobaki Baghdad.

Jina lake la kuzaliwa linatajwa kuwa Amat al-Aziz, na kuniya yake ni Umm Ja'far. Zubayda ni jina la mapenzi alilopewa na babu yake, Khalifa Abu Ja'far al-Mansur, yule aliyeujenga mji wa Baghdad. Alikuwa mtoto mnene, mweupe, na babu akimrusha na kumchezesha akimfananisha na kidonge cha siagi, jina likaganda. Baba yake, Ja'far, alifariki yeye akiwa bado mdogo sana, mwaka 150 Hijria, kwa hiyo alikulia mikononi mwa babu. Na babu naye alifariki mwaka 158, akiwa safarini kwenda Hijja, karibu kabisa na Makkah. Mtoto yatima aliyepoteza mlezi wake katika njia ya Hijja, kisha akaolewa katika nyumba ambayo mwaka mmoja nyuma khalifa wake alirudishwa na kiu katika njia ile ile. Hatusemi kwamba hayo ndiyo yaliyomsukuma, kwani yaliyomo moyoni anayajua Allah peke yake. Lakini hakuwa mtu wa kusimuliwa habari za njia hiyo na wageni.

Njia yenyewe ilikuwepo kabla yake, na kabla ya Uislamu. Waarabu wa zamani waliipita kutoka al-Hira kwenda Hijaz. Baada ya Waislamu kuujenga mji wa al-Kufah katika mwaka wa 17 Hijria, wakati wa Sayyidna Umar (r.a.), watu wakawa wengi upande wa Iraq na kila mwaka wakataka kuhiji. Ni zaidi ya kilomita 1,300 kutoka al-Kufah hadi Makkah, karibu mwezi mzima kwa ngamia, na sehemu kubwa yake ni mchanga na mawe matupu yasiyo na mto wala mti wa kivuli. Sayyidna Husayn (r.a.) alipotoka Makkah kuelekea Iraq mwaka wa 60 aliipita njia hii, na majina ya vituo kama Zarud, ath-Tha'labiyya na Zubala yanatajwa katika habari za safari yake.

Njia hii ilipita pia ar-Rabadha, takriban kilomita 200 mashariki ya Madina. Hapo ndipo alipofia Swahaba Abu Dharr al-Ghifari (r.a.) mwaka wa 32, akiwa mbali na mji, na akazikwa na wasafiri waliokuwa wakipita njiani. Sayyidna Umar alikuwa ameifanya ar-Rabadha kuwa malisho yaliyohifadhiwa kwa ajili ya ngamia wa sadaka, na kidogo kidogo pakaota kijiji, halafu mji mdogo wenye misikiti, nyumba na soko. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha King Saud walianza kuuchimba mji huo mwaka 1979 wakiongozwa na Dkt. Saad al-Rashid, ambaye ndiye aliyeiandikia njia yote hii utafiti mkubwa. Walikuta chini ya ardhi misingi ya nyumba, vyombo vya udongo na vya gilasi, na matangi ya maji yaliyojengwa chini ya sakafu za nyumba. Watu wa pale hawakupoteza tone la mvua.

Sasa tuje kwenye alama. Mtu wa visiwani huenda asiione mara moja shida ya jangwa, lakini baharia ataielewa, kwa sababu jangwa na bahari ni jamaa. Hakuna barabara inayoonekana. Upepo wa siku moja unafuta nyayo za msafara wa ngamia elfu. Anayepotea hafi kwa kuwa yuko mbali na kisima, mara nyingi hufa kisima kikiwa nyuma ya kilima na yeye hajui. Kwa hiyo jambo la kwanza lililohitajika, kabla hata ya maji, ni kumwambia msafiri yuko wapi.

Khalifa wa kwanza wa Bani Abbas, as-Saffah, aliamuru mwaka 134 Hijria ziwekwe alama na minara ya moto kutoka al-Kufah hadi Makkah, pamoja na mawe ya kuonyesha maili. Wa-Banu Umayya walikwishafanya hivyo Sham. Mawe ya maili ya Khalifa Abd al-Malik bin Marwan yamepatikana katika njia zinazokwenda Bayt al-Maqdis. Al-Mahdi naye, mwaka 161, aliamuru vijengwe vituo na mabirika, na mawe ya maili yafanywe upya. Maili ya Kiarabu ilikuwa kama kilomita 2. Kila maili 12 zilikuwa barid moja, kipimo cha watu wa posta. Jiwe lenyewe lilichongwa likaandikwa kwa khati ya Kufi: ni maili ngapi, au ni barid ya ngapi, kutoka al-Kufah. Baadhi yameokotwa na yamo katika makumbusho ya Saudi Arabia. Ukiliona ni jiwe tu, wala halina pambo kubwa. Lakini mfikirie mama aliyebeba mtoto kwenye kichanja cha ngamia, usiku, msafara umechoka, na mtu wa mbele anapapasa herufi hizo kwa mkono na kutangaza kuwa kituo kiko maili tatu mbele.

Vituo vilivyotajwa na wanajiografia wa zamani ni 54: vikubwa 27, na baina ya kila viwili kidogo kimoja cha kupumzikia. Katika kikubwa kulikuwa na birika, visima, msikiti, nyumba za kulala na mahali pa wanyama. Mji wa Fayd ulikuwa katikati ya safari, na mahujaji wakiwaachia wenyeji sehemu ya vyakula na mizigo yao, waikute wakati wa kurudi. Miaka mingi mfululizo watu waliweka amana zao kwa wasiowajua. Mahali pa kuhirimia watu wa Iraq ni Dhat Irq, kituo cha karibu na Makkah, na wanafunzi wetu wa fiqhi wanalijua jina hilo kutoka mlango wa miqati hata kama hawajawahi kuliona kwenye ramani.

Hii ndiyo njia aliyoikuta Bibi Zubayda. Alihiji zaidi ya mara moja, akaona kwa macho yake mapengo yaliyobaki: vituo ambavyo birika lake lilikuwa dogo, sehemu ambazo visima vilikuwa vinakauka, miteremko ambayo ngamia walivunjika miguu. Akatoa mali yake mwenyewe. Palichimbwa visima, pakajengwa mabirika na vituo vipya, mawe yakaondolewa njiani na kupangwa kandokando, ili hata mtu asiyeona jiwe la maili ayafuate mawe ya pembeni kama mtu anavyofuata ukuta gizani.

Mabirika hayo yanastahiki kuelezwa. Neno ni lile lile tunalolitumia sisi kwa birika la msikitini, na kazi yake si mbali. Mafundi walichagua bonde ambalo mvua ikinyesha maji hukimbia. Wakajenga kuta za kuyaelekeza maji hayo kwenye chumba kidogo cha kwanza, yatulie, mchanga na tope vizame chini. Maji yaliyochujika ndiyo yaliyopita kuingia birika kubwa. Kuna ya mraba na kuna ya mviringo, na mengine yana ngazi zinazozunguka kutoka juu hadi chini, ili watu wateke maji kwa urahisi yawe mengi au machache. Moja katika yale ya ar-Rabadha ni la mviringo, na upana wake unazidi mita 60. Hayo yote kwa mvua inayoweza kunyesha siku chache tu katika mwaka.

Makkah kwenyewe hali ilikuwa ngumu kwa namna nyingine. Vitabu vya historia vinataja kwamba wakati mwingine kiriba kimoja cha maji kiliuzwa kwa dinari nzima ya dhahabu. Tajiri alikunywa, na maskini aliyetembea kutoka mwisho wa dunia alisimama akitazama. Bibi Zubayda akaamua maji yaletwe kutoka upande wa Hunayn, kiasi cha maili 10, na mengine kutoka bonde la Nu'man hadi Arafat. Milima ilikuwa katikati. Inasimuliwa kwamba msimamizi wake alimuonya kuwa gharama itakuwa kubwa mno, naye akamjibu afanye kazi hata kama kila pigo la sururu litagharimu dinari moja. Mfereji ukachongwa katika mwamba, na mahali pengine ukapitishwa chini ya ardhi ili jua lisiyakaushe maji. Gharama inayotajwa ni dinari milioni 1 na laki 7.

Kisa kingine mashuhuri ni kwamba kazi ilipokwisha wasimamizi walimletea madaftari ya hesabu, akayatupa katika mto Dijla, akitaka hesabu hiyo ibaki mpaka Siku ya Hesabu: kama wanamdai atawalipa, na kama amezidisha amewasamehe. Ni kisa kizuri, na tumekisikia mara nyingi katika mihadhara. Lakini tuseme wazi, maana tunajua kinavyotumiwa: yule alikuwa mwenye mali akisamehe mali yake. Kamati ya msikiti au msimamizi wa wakfu aliyekusanya fedha za Waislamu hana mto wa kutupia daftari. Yeye mali si yake, na hesabu yake anadaiwa hapa hapa duniani kabla ya huko.

Palikuwa na swali jingine lililowashughulisha watu wa zamani, nalo ni zito zaidi. Mali ya kasri la Baghdad ilitoka wapi? Kulikuwa na mashamba ya urithi, na kulikuwa na kodi za watu wa mbali waliokamuliwa. Inasimuliwa ndoto ya mtu aliyemuona Zubayda baada ya kufa kwake akamuuliza hali yake. Kwa njia moja ya masimulizi, alisamehewa tangu pigo la kwanza la sururu katika njia ya Makkah. Kwa njia nyingine, thawabu za fedha zile zilirejeshwa kwa wenyewe, na yeye akasamehewa kwa nia yake. Ndoto si hoja katika sheria, na sisi hatujengi hukumu juu yake. Lakini kule kusimuliwa tu kunaonyesha kwamba Waislamu wa zama hizo, huku wakinywa maji yake na kumuombea, hawakuacha kuuliza mali ilichumwa vipi.

Maisha yake ya nyumbani hayakuwa mepesi. Alipata mtoto mmoja tu, Muhammad al-Amin, aliyezaliwa mwaka 170 Hijria. Miezi michache kabla, katika mwaka ule ule, Harun alikwishapata mtoto mwengine kwa suria wa Kiajemi aitwaye Marajil. Huyo ni al-Ma'mun. Baba alimtanguliza al-Amin katika urithi wa utawala, akamuweka al-Ma'mun wa pili. Akiogopa fitina, katika Hijja ya mwaka 186 aliwaandikisha wote wawili ahadi, na nyaraka zikatundikwa ndani ya Al-Kaaba ili asithubutu mtu kuzivunja.

Harun alifariki mwaka 193, akiwa Tus, Khurasan. Haukupita muda mrefu al-Amin akataka mtoto wake mwenyewe atangulie kuliko ndugu yake, nyaraka zikatolewa Makkah na kuharibiwa. Vita vikazuka. Baghdad ilizingirwa zaidi ya mwaka mmoja, nyumba zikachomwa, watu wakafa kwa njaa katika mji ulioitwa Mji wa Amani. Mwanzoni mwa mwaka 198, sawa na Septemba 813, al-Amin alikamatwa na kuuawa na askari wa upande wa ndugu yake.

Baadhi ya watu walimwendea Bibi Zubayda wakimtaka asimame kudai damu ya mwanawe, wakimkumbusha kwamba Bibi Aisha (r.a.) alitoka kwa ajili ya damu ya Sayyidna Uthman. Alikataa. Alikuwa na mali, alikuwa na jina, na katika mji uliojaa hasira angeliweza kuwasha moto wa pili. Akavaa nguo za msiba, akamwandikia al-Ma'mun kumshitakia yaliyomfika yeye na mwanawe, na inasimuliwa kwamba al-Ma'mun aliposomewa alilia na akajitenga na mauaji yale. Alimrudishia mali yake na kumweka katika heshima ya mama. Tumezoea kusifu ujenzi wake, lakini kwa maoni yetu kujizuia huku kulikuwa kugumu zaidi. Kuchonga mlima kunahitaji dinari. Kumwita mwana wa mke mwenza mwanao, na mikono ya watu wake imemuua wako, hilo hakuna mhandisi wa kukusaidia.

Miaka 12 baadaye, mwaka 210, al-Ma'mun alifunga harusi yake na Buran binti al-Hasan bin Sahl. Bibi Zubayda alihudhuria, na alimvisha bibi harusi vazi la vito lililorithiwa kutoka kwa Bani Umayya. Al-Ma'mun alipomtaka Buran aombe alitakalo, bibi harusi yule hakujiombea kitu. Aliomba asamehewe Ibrahim bin al-Mahdi, aliyekuwa amemuasi Khalifa, na aliomba Umm Ja'far apewe ruhusa ya kwenda Hijja. Akakubaliwa. Angalieni kwamba mwanamke aliyewafungulia njia mahujaji wote alikuwa amefika kuihitaji ruhusa ya mtu ili aipite.

Alifariki Baghdad mwaka 216 Hijria, sawa na 831. Pale Baghdad kuna kaburi lenye kuba ndefu iliyochongoka ambalo wengi hulizuru wakidhani ni lake. Si lake, lilijengwa karne nyingi baadaye, na linanasibishwa na Zumurrud Khatun, mama wa khalifa mwengine. Wanaolihimiza watu kulizuru kwa jina la Zubayda wanakosea mara mbili, na haya tumeshayaeleza katika majibu yetu kuhusu kuzuru makaburi.

Njia iliendelea baada yake, ikavamiwa na Waqaramita na makabila yaliyopora misafara, ikatengenezwa, ikaharibika tena. Ibn Jubayr wa Andalusia aliipita mwaka 1184 na Ibn Battuta mwaka 1326, na wote wawili waliandika kwamba mabirika na visima vile ni athari za Zubayda, wakamuombea kheri. Jina la Darb Zubayda likaifunika njia yote, hata zile sehemu zilizojengwa na as-Saffah na al-Mahdi kabla yake. Wanaume wale walikuwa makhalifa na walifanya kazi kubwa. Watu wakachagua wenyewe nani wamtaje. Wamongolia walipoiangusha Baghdad mwaka 1258 misafara mikubwa ilififia, na vituo vingi vikabaki magofu.

Mfereji wa Makkah uliishi zaidi. Ulikarabatiwa na watawala wengi, akiwemo Mihrimah Sultan, binti ya Sultan Suleyman wa Uturuki, aliyegharimia kazi kubwa katika karne ya 16. Ayn Zubayda iliendelea kuwanywesha watu wa Makkah na mahujaji hadi karne ya 20. Mzee wa visiwani aliyehiji kwa meli zama hizo alikunywa humo, alijua au hakujua. Leo njia imo katika orodha ya awali ya UNESCO ya urithi wa dunia, na mahujaji wetu wakiwa Arafat wanaweza kuuona ukuta wa mfereji ukipita chini ya Jabal ar-Rahma. Ndani ya jangwa, mvua ikinyesha, baadhi ya mabirika bado hujaa, na wachungaji huteremka ngazi zile zile kunywesha wanyama wao.